Msusi aliyefuata nasaba za familia tisa hadi mlangoni kwake

Saa tatu asubuhi, nyuma ya stendi ya mabasi, mteja ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nusu ya kichwa chake imesukwa, nusu nyingine imesimama wima kama iliyoshtuliwa usingizini. Nyuma yake amesimama mwanamke wa makamo, kitana mdomoni, vidole vikienda bila yeye kuvitazama.

"Bibi yako mzaa mama," anauliza akikitoa kitana, "alikuwa mtoto wa mke mkubwa au wa mke mdogo?"

Mteja anafikiri. "Mimi sijui. Mama ndiye anajua."

"Basi mpigie."

Mteja anacheka akidhani ni utani. Msusi hacheki. Baada ya muda simu inawekwa spika juu ya meza, kati ya chupa ya mafuta na mafungu ya nywele bandia, na sauti ya mama mmoja aliye jikoni kwake inajaa chumba kizima. Mke mdogo, anasema mama huyo. Tena alikuja na mtoto mmoja wa kutangulia, ila wasiseme wameyasikia kwake.

Msusi anajifuta mikono, anachukua penseli na kupanda juu ya kigoda. Ukuta mzima nyuma yake umefunikwa kwa kalenda za zamani zilizogeuzwa mgongo. Juu ya weupe huo kuna mistari, matawi na majina mamia kwa mamia, yakishuka kutoka juu kama mvua. Yaliyothibitishwa yameandikwa kwa wino. Yale yenye mashaka ni ya penseli. Anaongeza jina moja la penseli, anashuka, na kuendelea kusuka alipoachia.

Mji mzima unamjua kwa jina la Wanani. Alilipata kutokana na swali analomuuliza kila anayeingia mlangoni kwake kabla hata hajamuuliza mtindo anaoutaka: "Wewe wa nani?" Watoto wa shule wakipita nje humwigiza. Naye huwajibu kwa kuwatajia babu zao, mpaka wakimbie.

Ana miaka hamsini na sita. Kusuka alijifunza kwa mama yake. Kufuatilia nasaba za familia zilizoanzisha mji huu hakufundishwa na mtu, na anasema kazi hiyo ilimjia kwa bahati mbaya.

"Walikuwa wateja wangu wawili, majirani, wanagombania ua wa mpaka," anasimulia. "Hawasalimiani. Mmoja akija, mwenzake anageuzia njiani. Siku moja mvua ikawafungia humu ndani wote wawili. Mmoja kiti kile, mmoja kiti hiki, kila mtu anaangalia ukuta wake. Mimi ili nisife kwa kimya nikaanza kuuliza maswali. Mama yako nani, bibi yako nani. Nikagundua wanawake wale ni wajukuu wa tumbo moja."

Je, walipatana?

"Wapi. Walianza upya kugombana, safari hii kama ndugu. Lakini sasa wanasaidiana kwenye misiba, na huo ua ulishabomoka wenyewe."

Tangu hapo watu wakaanza kumjia kwa ajili ya majina. Huja waliozaliwa mbali wakitaka kujua bibi zao walitoka nyumba gani. Huja ndugu waliotengana, na wazee wanaotaka kuzikwa karibu na mama zao na hawakumbuki ni kaburi lipi. Ada yake kwa nasaba nzima ni ndogo kuliko ya kusuka kichwa kimoja cha nywele nyembamba, na wengi humlipa kwa kumletea habari za ukoo mwingine.

Hadithi ya mji huu kila mtoto anaijua. Familia tisa zilikuja kwa miguu kutoka nchi iliyokauka, zikaufuata mto mpaka zilipokuta msitu na maji, zikakata miti na kujenga. Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa Shoka, kwa kuwa ndilo alilokuwa amebeba begani. Mtaa mkubwa wa mji una jina lake, na kwa kuwa ni wa ukoo huo, Wanani alikua akijua kwamba mtaa ule ni wa baba wa babu yake.

Wajukuu na vitukuu wa familia hizo tisa wana kamati yao. Mwenyekiti ni kaka mkubwa wa Wanani, mwanamume mwenye sauti nzito na shati lisilokosa kupigwa pasi. Kamati inajenga ukuta mfupi wa mawe karibu na chemchemi, ambapo majina ya waanzilishi na watoto wao yatachongwa. Majina hayo wamepewa na Wanani, kutoka kwenye kalenda zake.

Si kila mtu aliyafurahia. "Kuna familia moja ilinifuata, watu wastaarabu kabisa," anasema akitabasamu. "Wao walikuja miaka mingi baadaye, kwa lori. Wakataka niwasogeze mbele kidogo kwenye msafara. Nikawaambia, sasa nitawasogezaje na lori lenu, wenzenu wanatembea kwa miguu?"

Kanuni yake ni moja, na anairudia kwa kila anayemlipa. Neno la mtu mmoja ni la penseli. Ili aandike kwa wino anahitaji watu wawili wanaosema jambo lile lile bila kuwa wamepata nafasi ya kukubaliana. Wawe hawajuani, au wawe wamegombana.

"Ndugu waliogombana ni mali," anasema. "Wakisema kitu kimoja, ujue ni kweli, maana hawana wanachokubaliana kingine."

Mwaka jana kanuni hiyo ilimgeukia.

Mwanawe wa pekee, fundi umeme wa miaka ishirini na tisa, alimleta nyumbani binti anayefundisha watoto wa chekechea. Familia ya binti ilihamia mjini miaka michache tu iliyopita kwa sababu ya kazi ya baba yake. Wanani alimpenda tangu siku ya kwanza. Alipenda alivyomkosoa mwanawe bila kupandisha sauti, na alivyokaa kwenye kiti cha plastiki akajibu maswali yote ya upande wa baba bila kuchoka. Upande wa mama hawakuufikia, maana wateja walikuwa wengi.

Wazazi wa binti walipokuja kufahamiana, chai ilinywewa sebuleni kwa baba yake Wanani, fundi seremala mstaafu wa miaka themanini na mitatu. Kaka mwenyekiti alikuwepo. Mambo yalikuwa yakienda vizuri. Wakati wa kupitisha kikombe cha pili, Wanani akamwuliza mama wa binti, kama anavyomwuliza kila mtu, mama yake mzazi kwao ni wapi.

"Mama amezaliwa kule kule tulikotoka," mgeni alijibu. "Ila mama yake na mama, yaani bibi yangu, tunasikia alitoka huku huku kwenu. Baba yake alikuwa akiitwa Shoka."

"Shoka yupi?" aliuliza kaka.

"Kwani wapo wangapi?"

 Kwenye kalenda ya ukoo wa Shoka, kwa miaka yote hiyo, palikuwa na nafasi moja tupu. Ni binti yake mkubwa, aliyeolewa mbali na habari zake zikakatika. Wanani alikuwa amemtafuta kwa kila aliyepita stendi.

"Nitasema ukweli," anasema, na mikono yake inaacha kusuka. "Sekunde ya kwanza nilifurahi. Nilijisemea, nimempata. Ndipo nikamwangalia mwanangu."

Hesabu ilikuwa fupi. Shoka alimzaa yule binti mkubwa. Huyo alimzaa bibi yake mwalimu, bibi akamzaa mama aliyeshika kikombe cha chai, na mama akamzaa mwalimu huyo wa chekechea. Kwa upande wa pili, Shoka alimzaa babu yake Wanani, babu akamzaa seremala, seremala akamzaa Wanani, naye akamzaa fundi umeme. Vijana walikuwa vilembwe wa mtu mmoja. Ndugu.

Wageni waliondoka kwa adabu, chai ikiwa nusu. Baba wa binti alisema watazungumza. Hawakuzungumza.

Kijana anakumbuka jioni ile vizuri kuliko anavyotaka. "Nilimwuliza mama neno moja tu," anasema, akiwa amekaa juu ya kisanduku chake cha vifaa nje ya duka analofunga nyaya. "Nilimwambia, mama, ulishindwa kunyamaza siku moja?"

Mama alimjibu nini?

"Alisema hakujua kama kuna cha kunyamazia. Na kweli hakujua. Lakini wakati ule sikutaka kusikia hilo."

Binti akaacha kuja kusukwa. Wanani alikuwa akimwona akipita upande wa pili wa barabara na watoto wake wa chekechea wameshikana mikono kwa mstari, naye akiangalia mbele. Kijana alikuwa akirudi kazini, anakula, anaosha sahani yake na kuingia chumbani. Hakumgombeza mama yake. Mama anasema afadhali angemgombeza.

Miezi miwili ilipita hivyo. Ndipo Wanani akaamua kuupitia upya ukoo wake mwenyewe, jina kwa jina, kama angefanyia mteja.

"Nilikuwa natafuta kosa," anakiri. "Niliomba nikute nimekosea. Mtu anayefanya kazi hii hatakiwi kuomba hivyo, lakini mimi ni mama."

Alipoyatazama majina ya wazazi wake kwa macho ya mgeni, aligundua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria. Jina la babu yake lilikuwa la wino, lakini hakukumbuka aliliandika kwa ushahidi wa nani. Alilijua tangu utotoni, basi. Hakuwahi kumwuliza mtu.

Akaenda kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba, bibi wa miaka tisini na moja anayeishi na redio yake katika chumba chenye dirisha linaloangalia uwanja wa shule. Alimpelekea sukari na sabuni, akamsuka, kisha akamweleza habari ya vijana.

"Waache waoane," shangazi alisema.

"Shangazi, ni ndugu."

"Nimesema waache waoane. Hujasikia?"

"Nimesikia. Sijaelewa."

Shangazi alipunguza redio. Wanani anasema kwa miaka yote hajawahi kumwona akiipunguza kwa ajili ya mtu.

Kisha mzee huyo akasema alichokuwa amekiweka tangu ujana wake. Babu hakuzaliwa na Shoka. Aliokotwa. Msafara ulipokuwa njiani, kwenye kivuko cha mto, walikuta moto uliozimika na mtoto wa kiume wa miaka mitatu hivi ameketi kando yake peke yake. Walisubiri kutwa nzima, wakaita porini, hakuna aliyetokea. Mke wa Shoka alikuwa tayari na chungu kichwani na mtoto mgongoni. Akamweka huyu wa tatu kiunoni wakaendelea.

"Alikuwa ameshika mwiko," shangazi alisema. "Mwiko wa kusongea, mrefu karibu kama yeye. Walijaribu kumnyang'anya apate kubebeka, hakukubali. Akabebwa na mwiko wake."

Wanani alimwuliza kwa nini hakuwahi kusema. Kichwa chenyewe kilikuwa mikononi mwake karibu kila mwezi.

"Baba aliniambia mimi mkubwa wake, akanikataza kusema. Hakuona aibu, usidhani. Alisema wadogo zako wakijua, wataanza kukaa kama wageni kwao. Watakaa kwenye ncha ya kiti. Na mimi nikamwona baba yako, alivyokuwa bado mtoto, anatamba mtaani na jina la Shoka, nikasema ya nini."

Wanani alirudi nyumbani akiwa na habari ambayo ingemrudishia mwanawe mke na kumnyang'anya baba yake babu. Na kwa kanuni yake mwenyewe, ilikuwa bado ya penseli.

Kaka mwenyekiti alipoisikia alifunga mlango wa ofisi ndogo ya kamati. Hakupiga kelele. Alimwambia dada yake kwamba shangazi ni mzee, wazee huchanganya. Alisema ukuta wa chemchemi unakaribia kuchongwa, na jina la babu yao ndilo la pili kutoka juu.

"Aliniambia, dada, wanawake wapo wengi, mwanao atapata mwingine," Wanani anasimulia. "Nikamwambia, kaka, na ukuta je? Mawe si yapo mengi pia?"

Kaka mwenyewe hakatai kwamba alisema hivyo. "Nilikuwa naogopa," anasema leo, akitazama viatu vyake vilivyong'arishwa. "Maisha yangu yote watu wananiita kitukuu wa Shoka. Ukitolewa hilo ghafla, unabaki umeshika nini?"

Shahidi wa pili alikuwa mmoja tu duniani. Ni bibi yake binti, mzaa mama, mwenye miaka themanini na minane, anayeishi mji mwingine, nusu siku kwa basi. Mama yake ndiye yule binti mkubwa wa Shoka aliyepotea kwenye kalenda. Wakati wa safari ile mama huyo alikuwa msichana wa miaka saba, anatembea kwa miguu yake. Kama mtoto aliokotwa, aliona.

Wanani alimfuata binti shuleni wakati wa mapumziko, akasimama nje ya uzio kama mzazi aliyechelewa kulipa. Alimwomba anwani ya bibi yake. Hakumwambia kwa nini.

"Alisema, mwanangu, kuna swali nataka kumwuliza bibi, na usimpigie simu kabla sijafika," anakumbuka binti. "Niliudhika. Nilijiambia huyu mama hata sasa bado anatafuta majina tu. Lakini aliniita mwanangu, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote. Nikampa."

Wanani aliondoka kesho yake, akiwa na mkoba mmoja na vitana vyake. Alimkuta bibi kitandani, miguu imekataa lakini macho yakimfuata kila kona. Hakumwuliza lolote kuhusu kuokotwa. Alimwomba tu ruhusa ya kumsuka, na alipofika katikati ya kichwa akamwuliza kama mama yake aliwahi kumsimulia habari za kaka zake.

Bibi alisema mama yake alikuwa na kaka watatu, na kwamba mmoja alipatikana njiani. Wanani akaendelea kusuka. Bibi akasema mama yake alikuwa akimwonea wivu sana mtoto yule, kwa kuwa yeye alitembea safari nzima na yule akabebwa, tena na kuni yake.

"Kuni?" aliuliza Wanani.

"Si kuni hasa. Alikuwa na mwiko. Mama alisema ulikuwa ukimgonga usoni kila hatua."

Wanani akaweka kitana chini. Bibi alidhani amemchosha, akaagiza aletewe chai.

Ndipo akamweleza yote: vijana, chai ya sebuleni, shangazi, kamati. Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. Mjomba wake huyo, ambaye hakuwahi kumwona, alizikwa wapi, na je, kuna anayefagia kaburi lake?

"Nikamwambia ninafagia mimi," anasema Wanani. "Akasema, vizuri."

Siku hiyo hiyo bibi alirekodi ujumbe wa sauti kwenye simu ya mjukuu wake mmoja anayeishi naye. Mwandishi wa makala haya ameusikia. Sauti ni nyembamba lakini haiyumbi. "Mmeniuliza habari ya damu," inasema. "Damu haipo, watoto waoane. Lakini huyo ni mjomba wangu. Mama yangu alikula naye sahani moja, na habari ya kifo chake ilipofika alilia mpaka tukaogopa. Jina alipewa na babu yangu kwa mdomo wake. Atakayemtoa kwenye huo ukuta wenu, na mama yangu amtoe, na mimi mniondoe. Haya, zima."

Kaka aliucheza mbele ya kamati nzima. Mzee mmoja aliomba urudiwe, akisingizia masikio.  Jina lilibaki la pili kutoka juu, na limekwisha kuchongwa. Chini ya jina la mama wa bibi, ambalo awali halikuwemo kabisa, mchongaji ameacha nafasi ya watoto wake.

Kazi ngumu kuliko zote ilibaki sebuleni kwa seremala.

Wanani alimweleza baba yake kwa ukamilifu, bila kupunguza. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. 

"Huo mwiko," alisema. "Ulikuwa wa mti gani?"

Wanani hakujua. Ilibidi ampigie bibi. Bibi naye hakujua, lakini alikumbuka mama yake akisema ulikuwa mwekundu, na kwamba haukuoza hata ulipoachwa nje mvua nzima. Mzee aliomba apewe simu azungumze naye mwenyewe. Waliitana binamu. Waliongea kuhusu miti.

"Mti mwekundu usiooza huku kwetu hatuna," anasema mzee huyo, ambaye mikono yake bado ina alama za patasi. "Miaka yote ya kazi yangu mbao za namna hiyo nilikuwa naletewa na malori kutoka ng'ambo ya mto, mbali. Kwa hiyo baba yangu alitoka huko. Nimemaliza miezi mitatu nikiwa na hasira na shangazi yake huyu, nisikudanganye. Dada yangu alinificha. Lakini kila nikilala nauona mti."

Si kila kitu kimenyooka. Seremala na dada yake wanasalimiana kwa kupitia watu. Kaka mwenyekiti humsalimia Wanani kwa kichwa tu wakikutana barabarani, ingawa mkewe amerudi kusukwa. Kuna watu wawili watatu mjini wanaoitania familia hiyo kuwa ni ya kuokotwa. Wanani huwauliza wao ni wa nani, halafu huwaambia ya kwao.

Vijana wataoana baada ya mvua kuisha. Binti amerudi kwenye kiti cha plastiki, na safari hii amejibu maswali ya upande wa mama. "Mama mkwe wangu hachoki," anasema. "Nimemwambia mwenzangu, tukipata mtoto, atazaliwa ameshaandikwa." Kijana anacheka. Ameshamwomba mama yake radhi kwa lile neno la jioni ile, na mama amemwambia aliweke akiba, huenda siku moja akawa na haki nalo.

Kwenye ukuta wa saluni sasa kuna kalenda mpya iliyogeuzwa mgongo, karibu tupu. Sehemu ya juu pameandikwa jina la babu, kwa wino. Juu ya jina hilo, mahali pa baba na mama yake, kuna mistari miwili ya penseli isiyokwenda popote.

Alicho nacho Wanani cha kuanzia ni mti mwekundu, kivuko cha mto, na neno moja. Bibi alimwambia kwamba mtoto yule, kabla hajajifunza lugha ya waliomwokota, alikuwa akiita neno fulani kila jioni jua likizama. Mama yake bibi alilishika kwa sababu ya kumwigiza, akamfundisha bintiye kama mchezo. Wanani amemwomba mwandishi asilichapishe gazetini.

"Nikilitoa, kesho nitakuwa na ndugu stendi nzima," anasema.

Tayari amelijaribu kwa madereva wa malori wanaoshusha mizigo nyuma ya saluni yake. Wengi wametikisa kichwa. Mwezi uliopita mmoja alisimama, akamwomba alirudie. Alisema kwao, ng'ambo ya mto, wazee bado hulitumia. Ndivyo mtoto anavyomwita dada mkubwa wa mama yake.

Dereva huyo ni mtu mmoja, na hivyo habari yake imeandikwa kwa penseli. Lakini amemtajia Wanani vijiji viwili na kumwahidi nafasi mbele ya lori. Wanani anapanga kwenda mara tu harusi ikipita, na kukaa huko wiki kadhaa, akisuka vichwa na kuuliza.

Hataenda peke yake. Baba yake amepeleka viatu kwa fundi vishonwe soli, na amemwonya mjukuu wake asithubutu kumwambia kwamba safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake.

Anapoulizwa kama haogopi kufika huko na kukuta hakuna hata mmoja anayekumbuka mtoto aliyepotea, mzee anapapasa mkono wa kiti chake.

"Nikiwakosa nitarudi nyumbani," anasema. "Nyumbani ninapo."